Maua ya kuuza Kabongo: mche wa maabara, tunguu au mbegu?

Kama una dola mia moja na unataka kuanza kuuza maua ya kukatwa hapa Kabongo, usizimalize kwenye miche ya maabara. Anza na matunguu ya gladioli na mbegu za zinia. Mche wa maabara una kazi yake, tena kazi kubwa, lakini ni kwa aina chache za maua na kwa mkulima ambaye tayari ana kivuli, maji na wateja. Asiye na vitu hivyo vitatu atanunua miche mizuri na kuizika ndani ya mwezi mmoja.

Kwanza tujue kinachouzwa. Fundi wa maabara hukata ncha ndogo ya chipukizi, huisafisha kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha huisimamisha ndani ya chupa yenye chakula kilichoganda: agari, sukari, chumvi za madini, vitamini na homoni kidogo. Maabara nyingi duniani bado hutumia kanuni ya chakula iliyotolewa na Toshio Murashige na Folke Skoog mwaka 1962, yenye gramu 30 za sukari kwa kila lita. Chakula hicho huchemshwa kwa mvuke wa nyuzi 121 ili kisibaki kijidudu hata kimoja. Baada ya wiki nne hivi chipukizi limezaa mengine matatu, manne au matano. Yanatenganishwa, kila moja linapewa chupa yake, na mzunguko unaanza upya. Ndiyo maana tawi moja zuri linaweza kuwa maelfu ya miche inayofanana kabisa katika muda ambao kwa njia ya kawaida ungepata kumi au ishirini.

Faida ya pili ni afya. Mwaka 1952 Wafaransa Georges Morel na Claude Martin walichukua mdalia uliojaa virusi, wakakuza ile ncha ya juu kabisa ya chipukizi ambako virusi huwa vichache au havijafika, wakapata mmea uliopona. Kwa hiyo njia hii imehusiana na maua tangu mwanzo wake. Mkulima wa karneshini au mdalia mwenye shamba lililochoka kwa virusi hana dawa ya kunyunyiza itakayomwokoa. Kinachomfaa ni kuanza upya na mmea safi.

Lakini shika jambo hili kabla ya kutoa pesa: usafi wa maabara si chanjo. Hata mche ukitoka chupani bila ugonjwa, siyo kwamba ugonjwa hautaupata. Ukiupanda kwenye udongo wenye ukungu wa kuozesha mizizi au minyoo ya mizizi, utaugua kama jirani yake, na mara nyingi haraka zaidi kwa sababu umelelewa bila adui. Muuzaji anayekuambia mche wake "hauugui" anakudanganya, au yeye mwenyewe hajui anachouza.

Sasa upatikanaji. Nchini mwetu Kongo kazi hii ya kukuza miche maabarani, iitwayo kazi ya tishu, imefanywa zaidi kwa ajili ya chakula. Kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA cha M'vuazi, kule Kongo ya Kati, kinajulikana kwa muhogo. Kile cha Mulungu, Kivu ya Kusini, kwa migomba, hasa tangu mnyauko wa bakteria ulipoonekana Masisi mwaka 2001 na kuanza kula mashamba. Kenya nako, mashamba mengi ya wakulima wadogo yalipata kuujua mche wa tishu kupitia mgomba katika miaka ya 1990. Anayetaka mche wa jabera au karneshini wa maabara ajiandae basi kuuagiza kutoka nje ya nchi, au kununua kwa mtu aliyeuagiza. Kutoka hapa hadi Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 500 hata ungeruka kama ndege, na hadi Kamina tu ni zaidi ya 150. Umbali huo ndio utakaoamua bei yako, kuliko orodha ya bei ya maabara.

Twende ua kwa ua, maana jibu halifanani.

Gladioli. Hili ndilo ningelilipia pesa ya kwanza. Tunguu lake ni kavu na gumu, linasafiri kwenye gunia au katoni bila baridi na bila maji, na treni ikichelewa wiki nzima halidhuriki. Ukilipanda, utakata ua baada ya siku 70 hadi 100 kufuatana na aina na joto. Chini ya udongo lile tunguu la zamani hunyauka na jipya hukaa juu yake, likizungukwa na vitunguu vidogo vidogo ambavyo baada ya misimu miwili au mitatu navyo vitatoa maua. Unanunua mara moja, na ukilinda vizuri hununui tena.

Je, gladioli ya maabara? Ipo, na hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. Kinachotoka chupani ni kitunguu kidogo, pengine kama punje ya hindi. Hakitoi ua msimu huu. Kitakula mbolea yako na palizi yako kwa msimu mmoja, miwili au zaidi kabla ya kufikia ukubwa wa kuchanua. Anayezalisha matunguu kwa kuuza anaweza kukisubiri kwa sababu anataka mbegu safi. Wewe unayetaka maua ya kuuza mwaka huu, nunua tunguu kubwa lililokomaa. Libonyeze kwa kidole gumba: liwe gumu kila upande, halina doa la kahawia linalozama, halinuki uvundo. Menya gamba moja kavu uangalie chini yake, kwa sababu uozo wa ukungu wa fuzari hujificha hapo. Tunguu lenye umbo la duara lililonenepa ni bora kuliko lile pana lililolala bapa, hata kama bapa linaonekana kubwa zaidi.

Tena gladioli si mgeni kwetu. Nyanda za Katanga zina gladioli za mwitu za aina nyingi, na Gladiolus dalenii, yenye maua ya rangi ya chungwa na njano, inaota sehemu kubwa ya Afrika ya joto na ni mmoja wa mababu wa gladioli kubwa zinazouzwa leo duniani. Ua lake ni dogo kuliko la dukani, lakini linavumilia udongo wetu. Ukiliona porini likiwa na mbegu, chukua mbegu, uache tunguu mahali pake. Kulingoja kutakuchukua misimu kadhaa, ila gharama yake ni jasho tu.

Zinia, selosia, kosmosi na alizeti za mapambo. Mbegu, basi. Hakuna sababu yoyote ya kuyatafutia maabara. Pakiti moja ndogo inatosha matuta kadhaa, zinia inachanua siku 60 hadi 70 tangu kupandwa, na ukiacha maua machache yakauke unapata mbegu ya mwaka ujao. Kasoro ni moja: kama pakiti ilikuwa ya mbegu chotara, kizazi cha pili hakitafanana na mama, rangi zitachanganyika na maua mengine yatapungua ukubwa. Kwa soko la hapa mchanganyiko wa rangi si hasara. Uliza tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti, na ukikuta imebandikwa karatasi juu ya tarehe, rudisha.

Jabera. Huyu ndiye mteja halali wa maabara. Jabera ya kukatwa inayouzwa kibiashara duniani hutoka chupani kwa sababu njia nyingine zina kasoro: ukigawa kichaka unapata miche michache sana, na ukipanda mbegu rangi na urefu wa kikonyo havitabiriki. Mche wa maabara ukishika vizuri unakaa miaka miwili hadi mitatu ukitoa maua mfululizo. Ua lake hukaa kwenye chombo kati ya wiki moja na mbili likibadilishiwa maji. Ila jabera haipendi mvua ya moja kwa moja kuipiga kichwani, wala kitovu chake kufukiwa na udongo; hapo huoza. Kwa mvua zetu za Oktoba hadi Aprili, hesabu paa la karatasi ya plastiki na matuta yaliyoinuliwa. Bila paa, usinunue.

Krizantemu. Watu huipenda kwa sababu inapandwa kwa kipandikizi tu: unakata ncha ya tawi, unaichomeka kwenye mchanga wenye unyevu, baada ya wiki mbili au tatu ina mizizi. Uganda inauza vipandikizi vyake hadi Uholanzi. Gharama yake iko kwenye mwanga. Krizantemu huchanua pale usiku unapokuwa mrefu, na kwetu, nyuzi kama saba kusini mwa ikweta, tofauti ya mchana wa Juni na wa Desemba haifiki saa moja. Kwa hiyo mche unaona usiku mrefu mwaka mzima, unachanua ungali mfupi, na unabaki na ua zuri juu ya kikonyo kisichofika hata shingo ya chupa. Mashamba makubwa huwasha taa katikati ya usiku kwa wiki kadhaa za mwanzo ili shina lirefuke. Taa hizo, betri na paneli ya jua ndiyo bei halisi ya krizantemu, na hakuna muuza miche atakayekuandikia hilo kwenye ankara.

Waridi. Wengi hudhani mawaridi ya Naivasha, Kenya, yametoka maabara. Kwa sehemu kubwa sivyo. Yameunganishwa: kijiti cha aina inayotakiwa juu ya mzizi wa waridi gumu, mara nyingi lile liitwalo Natal Briar. Zaidi ya hapo, Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku ndiyo inayokuza kichwa cha ua polepole. Sisi tuko chini sana kuliko hapo. Waridi letu huchanua upesi na kichwa huwa kidogo. Panda mawili matatu ya nyumbani kwa kukata matawi ya jirani, usiyafanye biashara.

Tuberoza hupandwa kwa matunguu na harufu yake inauza yenyewe jioni ya harusi. Helikonia na kana hugawanywa kwa mashina ya chini ya ardhi, zinapenda joto na mvua, na mara nyingi unazipata bure kwenye bustani ya misheni au ya shule kwa kuomba kwa adabu. Okidi na anthuriamu ziache kwa sasa.

Mdalia na karneshini vina njia ya kati, nayo ndiyo napenda kuisisitiza kuliko zote. Nunua miche michache ya maabara, kumi kwa mfano, si mia mbili. Ipande mahali pa peke yake, kwenye udongo mpya, mbali na mimea ya zamani. Hiyo inakuwa mama. Kisha wewe mwenyewe unakata vipandikizi kutoka kwa mama na kuvipanda shambani. Hata wazalishaji wakubwa hufanya hivyo: maabara inawapa mama safi, vipandikizi vinawapa wingi. Mama akianza kuonyesha majani yenye mabaka au kujikunja, mng'oe na umchome. Angalizo moja: aina nyingine zina hakimiliki ya mzalishaji wa aina mpya, na ankara yake huwa na tozo ya ziada kwa kila mche. Kenya imo kwenye mkataba wa kimataifa wa haki hizo, UPOV, tangu mwaka 1999. Muulize muuzaji kama aina yako ina haki hiyo kabla ya kuanza kuzalisha na kuuza vipandikizi. Aina za zamani zisizo na tozo zipo na zinatosha.

Sasa tuje kwenye gharama zisizoonekana, ambako ndiko nimeona watu wakilia.

Ya kwanza ni karatasi. Mmea hai unaovuka mpaka unatakiwa uwe na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi ulikotoka. Ukitoka Kenya kinatolewa na KEPHIS, idara yao ya ukaguzi wa afya ya mimea. Huku kwetu kuna huduma ya karantini ya wanyama na mimea, kuna OCC inayokagua bidhaa, kuna forodha ya DGDA. Kila dirisha lina malipo yake na risiti yake. Kongo kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakukuondoa cheti cha mimea. Uliza pia kama bei uliyotajiwa imeshahesabu TVA ya asilimia 16 au itaongezwa mwishoni.

Ya pili ni siku. Shehena ya mbegu ikizuiliwa mpakani Kasumbalesa siku nne, mbegu hazijui. Miche iliyotolewa chupani na kufungwa kwenye boksi itaanza kuoza siku hizo hizo nne. Ndiyo maana inafaa kuagiza miche ikiwa bado ndani ya chupa au mifuko iliyofungwa, ingawa ni mizito zaidi kubeba, na kwa maandishi mkubaliane nani anabeba hasara ikifika imekufa. Wauzaji wengi huandika kwamba hasara ya njiani ni yako. Soma mstari huo.

Ya tatu ni pesa yenyewe. Ada ya kutuma kwa simu, ada ya kutoa, tofauti ya kubadili franka kuwa dola, na noti ya dola yenye mchaniko mdogo inayokataliwa dirishani. Kila moja ni ndogo. Zikikusanyika, zinakula faida ya tuta zima.

Ya nne, na kubwa kuliko zote, ni vifo vya kuzoesha. Mche wa chupani umelelewa kwenye hewa yenye unyevu kamili, ukilishwa sukari. Majani yake ni laini, karibu yanapitisha mwanga, na hayana ile nta ya juu inayozuia maji kutoka. Mizizi ni myeupe, myembamba, na imefunikwa na utelezi wa agari. Ukiushika nje ya chupa kwenye jua la saa sita, unauona ukilala mkononi mwako ndani ya dakika chache.

Kwa hiyo unafanya hivi. Unautoa jioni. Unaosha mizizi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu mpaka utelezi wote uishe, maana sukari iliyobaki ni karamu ya ukungu. Unaupanda kwenye mchanganyiko wa mchanga na mbolea ya majani iliyooza, ambao ulishaumwagia maji ya moto na kuuacha upoe. Unaufunika kwa karatasi ya plastiki angavu chini ya kivuli kizito. Kila siku chache unainua plastiki kidogo zaidi. Baada ya wiki nne hadi sita unautoa kwenye kivuli chepesi, kisha shambani. Hakuna siku ya mapumziko katika wiki hizo. Ukisafiri kwa msiba siku mbili na mtoto akasahau kunyunyiza, umepoteza.

Tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano wa kuhesabia tu. Weka zako utakapopata bei ya siku hiyo.

Tuseme mche wa jabera ni dola 1 mlangoni pa maabara, nawe unataka 200. Hizo ni dola 200. Ongeza usafiri dola 120, karatasi na malipo ya mpakani 60, neti ya kivuli, plastiki na mifuko 50. Jumla 430. Sasa tuseme kati ya miche 200, iliyofika hai na kushika ni 120. Gawanya: kila mche ulio hai umekugharimu zaidi ya dola 3 na nusu, si dola 1.

Upande wa pili, matunguu 200 ya gladioli kwa nusu dola ni 100, na usafiri 30 kwa sababu yanapakiwa pamoja na mizigo mingine. Yakiota 180, kila moja limekugharimu senti 72.

Lakini tuwe wa haki kwa jabera. Tunguu la gladioli linakupa kikonyo kimoja msimu wa kwanza, kwa hiyo kila ua ni senti 72. Jabera ikikupa maua 15 yanayouzika kwa mwaka, miche 120 inatoa 1,800, na kila ua limekugharimu kama senti 24 mwaka wa kwanza. Ukitazama karatasi, jabera imeshinda.

Swali ni moja tu: utamuuzia nani maua 1,800? Hayo ni kama 35 kila wiki, mvua na kiangazi, kuna harusi au hakuna. Kama unaishi Lubumbashi na hoteli inachukua kila Ijumaa, nunua jabera leo. Hapa Kabongo ua linanunuliwa kwa siku maalumu: harusi za Jumamosi, ibada ya misa ya kwanza, mgeni wa serikali, Machi 8 ya akina mama, na Agosti 1, sikukuu ya wazazi, ambapo asubuhi watu wanakwenda makaburini na mchana wanawaheshimu wazazi walio hai. Wiki nyingine ni kavu. Ua lisilouzwa leo kesho ni mbolea. Gladioli na zinia unazipangia tarehe. Jabera inachanua ipendavyo yenyewe.

Na usisahau mshindani wako halisi. Si mkulima mwingine, ni ua la plastiki linaloning'inia kwenye kila duka la sokoni. Mteja analilipia mara moja, analifuta vumbi, analitumia miaka, ingawa juani hupauka na kukatika. Huwezi kulishinda kwa kudumu. Unalishinda kwa ua bichi linalofika asubuhi ile ile likiwa na umande, na kwa bei ambayo mama mwenye mtoto wa kubatizwa anaweza kulipa. Ndiyo sababu nyingine ya kutoingia na mche wa dola 3 na nusu.

Wapo vijana walioniuliza kama hawawezi kujitengenezea maabara ndogo. Inawezekana kwa sehemu. Sufuria ya presha inaweza kuchemsha chupa, sukari ya dukani inafanya kazi ya sukari ya maabara, dawa ya kufulia ya klorini inasafisha vipande, na watafiti wamejaribu wanga wa muhogo mahali pa agari, ambayo ni kitu cha bei. Usichoweza kukwepa ni homoni zinazopimwa kwa miligramu, mizani ya kuzipima, chumba kinachokaa karibu nyuzi 25 chenye mwanga wa saa 16, na mkono uliofunzwa. Spora moja ya ukungu ikiingia, chupa inageuka kijani na nyeusi, na jirani yake pia. Kwa mtu mmoja haifai. Kwa shule ya kilimo au shirika la wakulima linalotaka migomba safi na muhogo safi kwa vijiji vingi, nasema inafaa kabisa, na maua yanaweza kuwa kazi ya pembeni humo humo.

Kama pamoja na yote haya umeamua kununua miche ya maabara, uliza maswali haya kabla ya kutoa hata franka moja. Je, mche umeshazoeshwa au bado wa chupa? Uliozoeshwa ni ghali zaidi, lakini kwa mtu asiye na uzoefu ni nafuu mwishowe. Je, mama wa miche hii alipimwa virusi, au alisafishwa tu juu juu? Kuzalishwa maabarani peke yake hakuondoi virusi. Virusi vinaweza kuzaliwa pamoja na mche ikiwa mama alikuwa navyo. Je, wamegawanya mara ngapi? Mizunguko ikizidi sana, baadhi ya miche hubadilika umbo. Kwenye migomba hutokea mibilikimo. Na mwisho, wapi shamba ambako naweza kuuona mmea huu ukiwa umechanua? Asiye na jibu la swali la mwisho, mshukuru na uondoke.

Kalenda nayo ina haraka yake. Ukitaka gladioli za Machi 8, tunguu liwe ardhini karibu na Desemba 8, na mvua itakufanyia kazi ya kumwagilia. Kwa zinia, mbegu ipandwe kati ya Desemba 28 na Januari 7. Kwa Agosti 1 hesabu siku 100 kwa sababu usiku wa Juni na Julai ni wa baridi na mmea hukua polepole: panda karibu na Aprili 23, kisha jiandae kumwagilia kiangazi chote. Bei ya maji hayo ni mgongo wako, au ni mtoto wa jirani unayemlipa. Iandike kwenye daftari kama gharama nyingine. Usipande yote siku moja. Panda makundi matatu, kila moja siku saba baada ya jingine, ili kundi likiwahi au kuchelewa, jingine likuokoe.

Mgawanyo wangu wa dola mia ni huu: sitini kwenye matunguu makubwa ya gladioli, kumi kwenye mbegu za zinia na selosia, ishirini kwenye ndoo, kisu kikali na usafiri, na kumi usiziguse. Msimu wa pili, ukishajua wateja wako wanapenda rangi gani na wanalipa kiasi gani, ndipo uagize miche kumi ya mdalia safi iwe mama.

Ukikata gladioli, acha majani manne au zaidi kwenye shina. Ukikata mpaka chini umeliua tunguu la mwakani. Liache ardhini wiki sita hadi nane, majani yakianza kuwa ya njano lichimbue, likate shina, likaushe kivulini mahali penye upepo kwa wiki mbili au tatu. Tunguu la zamani lililonyauka chini linabanduka kwa mkono. Litupe mbali na shamba. Yaliyo laini yachome. Yaliyobaki yaweke kwenye kikapu au mfuko wa neti, kamwe si wa plastiki, na uyaning'inize mahali ambapo panya hafiki.